Wifi Abelone na Ukungu Unaofunguka

Wifi yangu Abelone alikuwa hapendi vitendawili, na mimi bila vitendawili siwezi hata kumenya viazi. Ndivyo tulivyoishi nyumba moja tangu kaka yangu Jeppe, mumewe, alipotutangulia: mimi natega, yeye ananuna.

"Kitendawili," namwambia, kisu mkononi.

"Sidsel, niache."

"Sema tega."

"Haya, tega, upate kunyamaza."

"Nimetandika shuka, halina pindo, halifuliwi, na kila nikiligeukia lina rangi nyingine."

"Sijui."

"Basi nipe mji."

"Chukua Kopenhagen yote pamoja na moshi wake."

"Nimekwenda Kopenhagen, nimekaa kwa mfalme, nimelishwa mikate ya siagi mpaka nimechoka, nikarudi zangu. Jibu ni mbingu, mwanamke wewe! Kila siku unaichora na huijui?"

Akaniangalia kama mtu aliyeonewa. "Nani kakwambia mbingu haina pindo? Pindo lake ni pale inapokutana na bahari, na ndipo panaponitoa jasho."

Ni kweli alikuwa akiichora kila siku. Wachoraji wengine waliokuja pwani yetu ya Jutland wakati wa kiangazi walichora wavuvi wakivuta mashua, wakachora bibi vizee mlangoni, hata mimi nimewahi kuchorwa nikiwa na ndoo, pua kubwa kuliko ninayoijua. Abelone hakutaka watu. Alikuwa na kisanduku cha mbao cha kuninginiza begani. Akikifungua, ndani ya kifuniko anabana karatasi kwa pini, karatasi iliyokwisha kupakwa gundi na rangi ya kahawia nyekundu kama chungu, na chini yake zimelala rangi za mafuta katika vibweta vyake vya bati laini. Anakaa nyuma ya kilima cha mchanga kukwepa upepo, mwavuli wa kijivu juu yake, maana mwavuli wa rangi humwaga rangi yake juu ya karatasi na kukudanganya. Anaanza juu kabisa, anashuka. Wingu halimngoji mtu, kwa hiyo anachora kama mtu anayeokoa vitu nyumba ikiungua. Akimaliza, mimi naandika nyuma ya karatasi: tarehe, saa, upepo ulikotoka. Kazi hiyo alinipa mimi kwa sababu mwandiko nilioupata katika shule ya kijiji, kwa mwalimu wetu wa kanisani, ni mkubwa na hauna maringo.

Darini tulikuwa na mbingu nyingi kuliko magunia. Mbingu za mvua, mbingu za upepo wa kusi, mbingu ya siku niliyoozesha binti yangu, mbingu ya asubuhi ambayo ng'ombe wetu alizaa pacha. Nilipokuwa nakwenda kuchukua vitunguu huko juu, nilipita katikati ya hali zote za hewa.

Mbingu moja tu hakuwa nayo. Mwanzoni mwa kiangazi, huku kwetu, siku ikiwa nzuri na nguo zimeanikwa, ukungu hutoka baharini bila kubisha hodi. Unakuja chini chini, baridi, unafunika mashua, unafunika kanisa, unafunika hata mkono wako ukiunyoosha. Watu hukaa humo kama wamo ndani ya yai. Halafu, mara chache, ukungu hufunguka juu, mahali pamoja, na kwa muda ambao kikombe cha kahawa hakijapoa unaona anga halisi kule ndani, na kingo za ule uwazi zinawaka. Kisha panajifunga. Abelone alikuwa akipakimbilia pale palipo wazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kabla hajachanganya rangi pameondoka. Akifukuza, anaishia na tope. Anachukua kisu chake cha rangi, anakwangua karatasi mpaka kwenye kahawia, ananiambia, "Leo nimechora mchuzi."

Sasa macho yake. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, wakalipasua mjini Aalborg, likaharibika. La kulia nalo likaanza. Aliniambia ni kama kutazama dunia kupitia bilauri ya bia, na kila mwezi bia inazidi kuwa nzito. Daktari hakumficha. Alisema viazi vikija kung'olewa atakuwa anaona mwanga na vivuli, rangi hapana.

Siku aliyorudi kutoka kwa daktari hakulia. Alivua viatu vyake vya mbao mlangoni, akaviweka sawasawa, akasema, "Nataka ule uwazi mmoja tu, wifi. Nikishaupata, giza lije na mizigo yake."

Basi yote ninayoyasimulia yanahusu hilo.

Mwezi Mei ukungu ulikuja, naye akatoka peke yake kabla sijamaliza kukamua. Alirudi uso unang'aa. Akaegemeza karatasi ukutani jikoni, akakaa mbele yake mikono mapajani, anatabasamu kama bibi arusi. Mimi nilitazama. Mbingu yote ilikuwa ya kijani. Kijani cha bwawa la bata.

Wakati huohuo nani anaingia? Laust, jirani yetu, na samaki bapa watatu kwenye uzi. Laust hana breki mdomoni.

"Salaam mama zangu! Nimewaletea... Eh! Hili nalo shamba la kabichi la nani? Mbona mmelilaza juu chini?"

Nilimkanyaga mguu, lakini alikuwa amevaa viatu vya mbao.

Abelone hakugeuka. "Kabichi," akasema polepole. "Kabichi, Laust?"

"Ya kijani, ee. Nzuri lakini! Imestawi!" Maskini alikuwa anajaribu kurekebisha.

Alipoondoka, Abelone aliviokota vile vibweta vya rangi, kimoja kimoja, akavisogeza karibu na jicho, akavisogeza mbali. Buluu na kijani, katika bia ile ya jicho lake, zilikuwa kitu kimoja. Mkono wake ulikuwa umechukua kibweta kisichokuwa chenyewe, na jicho likakubali, likasema sawa kabisa. Hakuwa na namna ya kujua.

"Tangu lini?" akaniuliza. "Zile za majira ya baridi?"

"Za majira ya baridi zilikuwa kijivu, wifi. Kijivu hakikosewi."

"Unanidanganya?"

"Nyingine zilikuwa na ukijani kidogo."

Akacheka, kicheko kikavu. Kisha akasema, "Basi utakuwa unakaa nami. Mimi mkono, wewe jicho."

Nilifunga nyuzi za sufu kwenye vile vibweta: buluu fundo moja, kijani mafundo mawili, nyekundu kipande cha kitambaa. Hilo lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa kusema. Siku ya kwanza tulikaa kule kwenye mchanga, anga safi, akaniuliza, "Juu kabisa kuna nini?"

"Buluu."

"Buluu gani?"

"Buluu ya... buluu tu, Abelone. Buluu kama buluu."

"Mungu wangu. Sidsel, buluu si mtu mmoja, ni ukoo. Nimeuliza nani kafika, wewe unaniambia kafika ndugu."

"Mimi majina ya rangi sikufundishwa. Tulifundishwa katekisimu na kujumlisha."

"Basi niambie inafanana na nini. Wewe si ndiye bingwa wa kufananisha? Mchana kutwa unanichosha na mashuka yasiyo na pindo."

Hapo ndipo nilipopata kazi yangu. Nikatazama tena, safari hii nikiitazama mbingu kama mtu atakayeulizwa. Nikasema, "Ni kama maji ya bakuli ulilooshea vitunda vya mabuluberi, bakuli la tatu, si la kwanza."

Mkono wa Abelone ukaenda wenyewe kwenye nyeupe, ukaenda kwenye lile fundo moja, ukachukua tone la wekundu dogo kuliko punje ya haradali. Akachanganya. Akauliza, "Hivi?"

"Punguza buluberi."

"Hivi?"

"Hapo! Hapohapo! Ni yenyewe!"

Nilipiga makofi mpaka shakwe wakaruka.

Basi tukawa hivyo wiki kadhaa. Nilikuwa naamka naiona jikoni yangu yote kama sanduku la rangi. Majivu ya jana, majivu ya leo. Tumbo la samaki heringi, mgongo wa heringi. Siagi ya kiangazi ng'ombe akiwa majanini, siagi ya baridi akiwa zizini. Usiku kabla ya kusali namwambia, "Wifi, wingu la leo jioni lilikuwa kama ndani ya mkate mbichi," naye kutoka kitandani kwake anajibu, "Chokaa, udongo wa njano, nukta ya nyeusi ya mfupa," kisha anakoroma.

Lakini kuamini ni kitu kigumu kwa mtu aliyekuwa akijionea mwenyewe. Katikati ya Juni ukungu ulifunguka mara ya kwanza tukiwa pamoja. Nilimwambia nilichokiona, akaweka, nikamwambia ni sawa. Yeye akasogeza jicho lake kwenye karatasi, akaona njano. Akatazama juu, akaona njano nyingine. Akasema haziendani. Nikasema zinaendana. Akachukua kisu akaanza kukwangua.

"Abelone! Unafanya nini? Ilikuwa yenyewe!"

"Unanihurumia. Unataka nifurahi nikalale."

"Nikuhurumie kwa nini? Deni la kukuhurumia nilishamaliza!"

"Wewe utajua nini? Umekaa miaka michache kwa mwalimu wa kijiji, unajua kuandika tarehe."

"Na wewe uliyefundishwa kuchora tangu utotoni ulipanda kabichi!"

Nilipokwisha kusema nikatamani kulirudisha lile neno mdomoni, lakini ukungu ulikuwa umekwisha kulichukua. Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma, kisanduku kinagonga kiunoni mwake, na ule uwazi ulikuwa umekwisha kujifunga bila kuacha chochote.

Hatukusemeshana. Yeye alikula mkate wake mweusi upande wa dirishani, mimi wangu upande wa jiko. Hata vitendawili niliacha, na nyumba isiyo na vitendawili, wajukuu zangu, inasikika saa ya ukutani tu. Siku zinakwenda, maua ya viazi yanatoka, na mimi najua, na yeye anajua, kwamba yakishaanguka kinachobaki ni kuchimba. Niliona anavyogusa kingo za meza kabla ya kuweka kikombe. Mwanzoni mwa Juni alikuwa haigusi.

Asubuhi moja nilikuwa zizini, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, nikasikia viatu vya mbao vikisimama mlangoni. Nje kulikuwa kweupe pe, huoni kisima.

"Kitendawili," akasema Abelone.

Nilidhani nimesinzia. Maziwa yakaacha kutoka.

"Wewe? Unatega wewe?"

"Sema tega, Sidsel, usinifanye nibadilishe mawazo."

"Tega."

"Nyumba yangu ina dirisha moja. Mimi nakaa ndani, lakini anayechungulia ni wifi yangu."

Nililijua jibu kabla hajafika mwisho. Lakini kulisema niliona aibu, kwa hiyo nikasema, "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Aalborg. Uwafukuze madaktari wote."

"Nimekwenda Aalborg, nimewafukuza, nimerudi," akasema. "Jibu ni jicho langu. Sasa acha huyo ng'ombe. Ukungu umekaa vizuri. Na safari hii kisu nimekiacha mezani."

Tulikwenda tukiwa tumeshikana mikono kama wasichana wanaokwenda kipaimara. Hakukuwa na bahari, kulikuwa na sauti yake tu, tena ndogo, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Majani makali ya mchangani yalikuwa na matone kila ncha. Tukakaa. Nikafungua mwavuli, nikabana karatasi, nikambandulia vifuniko vya rangi. Alichanganya nyeupe nyingi, akaiweka tayari, kisha akaweka mikono mapajani. Tulingoja. Sijui tulingoja kiasi gani, maana ndani ya ukungu muda nao hauoni njia. Mara nilihisi kama tumekwisha kufa zamani na ndivyo kulivyo huko, kweupe, pametulia, na wifi yako yuko ubavuni ananukia tapentaini. Sikuogopa hata kidogo.

Kisha shingo yangu ikapata joto la jua.

"Abelone. Panaachia."

"Wapi?"

"Juu, kushoto kwako, kama upana wa viganja viwili. Haya, anza. Katikati ni maziwa yaliyoenguliwa malai mara mbili, yapo kwenye bakuli la buluu, na bakuli linaonekana."

Mkono ulikwisha kwenda. "Chini yake?"

"Ndani ya ganda la kome."

"Mdomoni au kwenye kisogo?"

"Karibu na mdomo. Pale panapogeuka zambarau lakini hapajageuka."

"Na kingo?"

"Kingo zinawaka. Upande wa jua ni siagi ya kiangazi. Si nyingi! Kama umepaka kisu ukakifuta. Upande wa pili ni sufu isiyochambuliwa, chafu kidogo."

"Chafu kwa majivu au chafu kwa udongo?"

"Majivu ya leo."

"Inasogea?"

"Inakwenda kulia. Usiifuate! Acha palepale ulipoweka."

"Siifuati, mama, siifuati," akasema, na alikuwa akicheka, jicho lake limefumbuka linatazama mbele kabisa, halitazami karatasi wala mbingu, na brashi inatembea kama mkono wa mtu anayemkuna mtoto mgongoni alale. Sijawahi kusema haraka vile maishani mwangu. Nilisema heringi, nilisema unga, nilisema kijiko cha bati kilichosahauliwa nje. Kila nilichosema nilikiona kikitokea pale kwenye kifuniko cha kisanduku, na nikitazama juu kiko juu, nikitazama chini kiko chini, mpaka nikachanganyikiwa kidogo ni kipi kinamwiga mwenzake.

"Sasa kona ya chini, kulia. Kuna nini?"

Nikatazama. Hapakuwa na kitu. Weupe ulikuwa umerudi wote, bila kelele, kama mlango wa kabati.

Hapo nikashawishika kidogo, na nitawaambieni kwa nini. Alikuwa anakwenda vizuri mno. Ningeweza kusema ganda la kome. Ningeweza kusema siagi, sufu, chochote, angejaza kona, angekuwa na karatasi iliyotimia, na nani angejua? Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa kushika brashi.

"Sidsel? Kuna nini?"

"Pamefungwa, wifi."

"Pote?"

"Pote. Kona hiyo hatukuiwahi. Imebaki karatasi tupu, rangi ya chungu."

Brashi ilisimama hewani. Niliona mkono wa kushoto ukipapasa mchangani mahali ambapo kisu hulala siku zote, ukapapasa tena, ukaacha.

"Naweza kuijaza kwa kukumbuka ulichoniambia," akasema.

"Unaweza."

"Wewe ungejaza?"

"Mimi sijui kuchora. Mimi nilikuwa naangalia tu, na hapo sikuona kitu."

Alifikiri. Tone likamdondoka kwenye ncha ya pua, hakulifuta. Kisha akaifunga brashi kwenye kitambaa, akaibana kwa nguvu kama anakamua.

"Iache wazi. Ungetaka kunipendeza, ungenipa siagi pale." Akageuza uso upande wangu. "Kwa hiyo hayo mengine yote yalikuwepo."

"Yalikuwepo."

"Bakuli lilionekana?"

"Lilionekana, Abelone. Mpaka sasa naliona."

Akashusha pumzi, na mabega yake, ambayo tangu siku ile ya daktari yalikuwa juu juu kama ya mtu anayebeba ndoo mbili, yakashuka. Hakuniomba nimsogezee karatasi. Hakulisogeza jicho kuikagua. Alipanguza vidole kimoja kimoja, akatafuta mkono wangu, akaupata.

Niliandika nyuma ya karatasi kwa penseli, taratibu isije ikachomoza mbele: tarehe yake, saa ya asubuhi, upepo mdogo wa magharibi. Kisha nikasema, twende, nguo zimelowa, kahawa iko jikoni.

"Ngoja kwanza," akasema. Alikuwa amekwisha kufunga kisanduku. "Sasa hivi kukoje?"

"Si nimekwambia? Ukungu."

"Ukungu wa namna gani?"

Nilitaka kumjibu kwamba ukungu ni ukungu. Halafu nikainua uso nikautazama, na kumbe haukuwa mweupe hata kidogo. Nikakaa tena kwenye mchanga, nikamfunika shali yangu, nikaanza kumwambia, kuanzia juu.